Mama mkwe anataka kurudi mlimani, mke wangu hataki kusikia

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni mkazi wa Makorora hapa Tanga, nina mke na binti mmoja wa miaka tisa. Mama mkwe wangu, mwenye miaka 63, anaishi nasi tangu alipofiwa na mumewe. Mama huyu alizaliwa juu huko Amani, milima ya Usambara Mashariki, kwenye mashamba ya chai, baba yake akiwa mchumaji. Aliposhuka kuolewa mjini hakurudi tena isipokuwa kwa misiba, gari kwenda, gari kurudi. Jioni akikaa barazani na mjukuu wake humsimulia habari za msitu: ukungu unaoingia mpaka jikoni, ndege wakubwa wanaopita juu ya miti kwa kishindo cha mabawa, na jinsi walivyokuwa wakikatiza msituni kwenda shule. Binti yangu ameyashika yote kichwani.

Desemba iliyopita niliamua kuwapeleka. Sikwenda Amani. Nilisikia habari za kilima kimoja kilicho karibu zaidi na barabara, nikaona kitatosha. Tulipanga kutoka saa kumi na mbili asubuhi, tukatoka saa tatu na nusu. Tulifika chini ya kilima saa sita imeshapita. Kijana wa bodaboda tuliyemkuta pale alisema njia anaijua, nusu saa tu tuko juu. Nikamwamini. Mama alivaa dira na makubadhi, nami sikusema kitu kwa kuwa niliishika ile nusu saa.

Hatukufika juu. Saa tisa na kitu mvua ilitukuta, tukageuka kurudi kwa njia ile ile tuliyopandia, mteremko mkali, udongo mwekundu ulioloa na kuteleza kama sabuni. Mke wangu alikuwa mbele amemshika mtoto. Mama katikati, mimi hatua mbili nyuma yake. Alipoteleza nilinyoosha mkono, kisha nikaurudisha. Shangazi, ni mkwe wangu. Tangu nioe sijawahi kumgusa mama huyu zaidi ya kupokea kikombe cha chai kutoka mkononi mwake. Ile sekunde niliyosita ndiyo aliyoangukia. Kifundo cha mguu kiliteguka. Tulimshusha kwa kubahatisha, kwa tochi za simu, tukafika garini saa mbili usiku. Mtoto alilia mpaka akalala. Mama alikaa na bandeji wiki tatu, wala hakunilaumu.

Mke wangu naye hakunigombeza, na hilo linanisumbua kuliko yote, kwa sababu namjua: akigomba, limekwisha. Safari hii amenyamaza tu.

Mwezi uliopita mama aliniita barazani akaniambia, "Baba, mimi sikufika. Nataka nifike kabla magoti hayajanikataa." Anataka Amani kwenyewe. Mke wangu aliposikia alisema neno moja: "Hapandi."

Nimeanza kuulizia. Nimesikia habari za Mbomole, kwamba ni kilima kidogo chenye msitu, na kwamba huko mtu anaweza kupandia njia moja na kushukia nyingine, akafanya duara. Mwenzangu kazini ananiambia afadhali tupande Amani kwa gari, kisha tushuke kwa miguu hadi Sigi, kwa kuwa kushuka hakuna kazi. Mama ana presha, anameza dawa kila siku, na goti la kushoto humuuma kwenye ngazi. Likizo ya shule ni Juni. Nipange vipi safari hii? Na mke wangu nimwambieje?

Mkwe wa Makorora

*

Marahaba, mwanangu.

Barua yako nimeisoma mara tatu, na mara zote tatu nimesimama pale uliporudisha mkono. Sisi watu wa pwani, na ndugu zetu wa milimani pia, tumelelewa kumwogopa mkwe kwa heshima, na mkono wako ulifanya ulichofundishwa miaka yote. Kwa sekunde ile sikuhesabii kosa. Kosa lilikuwa limeshafanyika asubuhi, mlipoondoka bila mtu kusema nani atatembea karibu na mama. Angekuwepo binti yake pale nyuma, mkono ungefika wenyewe.

Nianze na mkeo, kwa sababu bila yeye hakuna safari. Mwanamke aliyemwona mama yake chini kwenye tope, giza linaingia, mtoto analia, hawezi kutulizwa kwa kuambiwa kwamba safari hii kilima ni chepesi. Desemba nako aliambiwa chepesi. Usimwendee na ombi. Mwendee na hesabu ya yale uliyoyafanya: tulitoka saa tatu na nusu, nikamwamini mtu nisiyemjua, sikuuliza habari za mvua, sikutazama viatu vya mama. Yataje hayo manne bila kuweka "lakini" hata moja, kisha nyamaza umsikilize. Huenda akasema mengi. Mwache aseme, maana umeniandikia mwenyewe kwamba akigomba, limekwisha.

Halafu mkabidhi saa. Mwambie: safari hii wewe ndiye mwenye kusema tugeuke, na ukisema, tunageuka, hata juu pakiwa hatua ishirini mbele. Mwenye hofu ndiye anayeona mapema, mwanangu. Wewe Desemba ulitazama kilele, yeye alikuwa akitazama miguu ya mama yake. Lakini usimpe saa hiyo kwa maneno ya kumridhisha tu, kwa sababu akija kusema "basi" nawe ukabembeleza dakika kumi, hutaaminiwa tena.

Sasa jambo ambalo sikuliona popote katika barua yako. Mama amekwambia, "Sikufika." Je, umemuuliza kufika kwake ni wapi? Wewe umelisikia neno hilo ukafikiria kilele. Mimi nimelisikia nikafikiria ile njia ya shule. Mtoto wa kambi ya chai hakuwa na shughuli na vilele. Alikuwa na njia ya shule, mto wa kuchotea maji, mahali pa kuokota kuni. Inawezekana kabisa anachokitafuta kiko mahali tambarare, kilomita moja kutoka barabarani, na wewe unajiandaa kumpandisha mlima. Muulize leo, mbele ya binti yake. Akikutajia mahali, duara lenu lipite hapo kwanza, na kilima kiwe nyongeza ya siku kama miguu itakubali.

Tuseme amekubali vyote, mahali pake na kilima. Hatua inayofuata ni hospitali, na aende na mkeo. Amani iko kwenye takriban mita 900 juu ya usawa wa bahari, na maradhi ya hewa nyembamba kwa kawaida hayaanzi kabla ya mita 2,500, kwa hiyo urefu wa mahali usiwatie hofu. Mnachokwenda kumuuliza daktari ni moyo na goti: presha yake imetulia kiasi gani, na je, anaweza kutembea taratibu saa tatu au nne. Dawa zake azimeze kama kawaida asubuhi ya safari, asiziruke kwa ajili ya pilikapilika. Na wote mjue dalili za kusimamisha safari palepale: maumivu au kubanwa kifua, kizunguzungu, au kuhema kusikotulia hata baada ya kukaa. Hapo hakuna mjadala, anakwenda hospitali.

Nije kwa mwenzako wa kazini, kwa sababu ushauri wake ndio unaowaangusha wengi. Sigi iko kwenye mita 450 hivi. Maana yake anataka mama mwenye goti bovu ashuke mita 450 mfululizo. Watu wa mjini hudhani kupanda ndiko kunakoumiza, kwa kuwa ndiko kunakotoa jasho na kukata pumzi. Pumzi hurudi ukikaa dakika tano. Goti likishalemewa halirudi siku hiyo. Kila hatua ya kushuka, uzito wa mwili huangukia mguu mmoja uliokunjika, na msuli wa paja ndio unaofunga breki. Msuli ukichoka, goti hubaki peke yake, mguu huanza kutetemeka, na hapo ndipo watu huteleza. Mama hakuanguka akipanda. Muulize vilevile kuhusu ngazi: goti humuuma akipanda au akishuka? Nina wasiwasi jibu litakuwa akishuka, na kama ndivyo, njia ya Sigi muifute kabisa.

Duara ni chaguo zuri, na faida yake kubwa iko hapohapo kwenye goti. Kilima mara nyingi kina ubavu mkali na ubavu mpole. Kwa njia ya kwenda na kurudi huna hiari, ulikopandia ndiko utakakoshukia, kama Desemba. Kwa duara unayo hiari, na wengi huipoteza kwa kuanza na upande mpole kwa kuwa unavutia asubuhi. Nyinyi fanyeni kinyume. Pandeni upande mkali mapema, miguu ikiwa mipya na ardhi ikionekana vizuri, mkipumzika kila mama anapotaka, kisha mshukie upande mpole mkiwa mmechoka. Hata njia ya mpole ikiwa ndefu zaidi kwa kilomita moja, ichukueni hiyo kushukia.

Ila duara lina hatari yake, na hili naomba ulisome polepole. Njia ya kwenda na kurudi ina rehema moja: popote ulipo, unaijua ardhi iliyo nyuma yako. Duara likifika nusu, kurudi nyuma na kusonga mbele ni sawasawa, na kuanzia hapo kurudi ni mbali zaidi. Mtu akichoka robo tatu ya njia hana msaada, isipokuwa mwe mmejua mapema pa kutokea. Kwa hiyo swali lako la kwanza kwa mwongozaji lisiwe "ni kilomita ngapi?" Liwe hivi: "Tukitaka kukatisha, tutatokea wapi?" Upande ule msitu umechanganyika na mashamba ya chai, vijiji na barabara za vumbi, kwa hiyo mtu anayeijua hifadhi ya msitu wa Amani anaweza kukupangia duara lenye mlango wa kutokea katikati. Mwambie akuchoree kwenye karatasi mbele ya mkeo. Dereva wenu naye aoneshwe mlango huo, na mpatane saa, kwa sababu mtandao wa simu msituni si wa kutegemea. Mwongozaji asipokuwa na jibu la swali hilo, ombeni mwingine au ombeni njia fupi.

Utaona kuna mgongano hapa. Nimekwambia mpande upande mkali, na nimekwambia mkeo awe na uwezo wa kugeuza msafara, basi mkigeuka mtashukia ule ule ukali. Ndiyo maana uamuzi wa kwanza lazima ufanywe mapema sana, nusu saa tu tangu muanze, mkiwa bado hamjapanda sana. Simameni, mama anywe maji, mkeo amtazame usoni na amuulize goti linasemaje. Kama kuna mashaka yoyote, mnageuka hapo na siku inamalizikia kwenye bustani ya mimea ya Amani. Mkishapita hapo, kukatisha ni kwa ule mlango wa katikati.

Mbomole naona umechagua vizuri. Ni kilima cha msitu jirani na Amani yenyewe, na kwa kuwa gari limeshawapandisha sehemu kubwa ya mlima, kinachobaki kwa miguu ni kidogo. Njia hasa za kupandia na kushukia mpange na mwongozaji siku zilizo karibu na safari, maana miti huanguka na mvua hukata njia. Mlima Mlinga msiufikirie kwa sasa, mwinuko wake ni mkali. Magoroto kuna ziwa na msitu, mtoto angepapenda, lakini mama hakuzaliwa Magoroto.

Kuhusu muda, nitakupa hesabu yenyewe, kwa sababu "nusu saa tu tuko juu" ndiyo iliyowaponza. Mskoti mmoja, William Naismith, aliandika mwaka 1892 kanuni ambayo wapanda milima wanaitumia mpaka leo. Yeye aliihesabia kwa maili na futi, ila kwa vipimo vyetu ni karibu hivi: saa moja kwa kila kilomita 5, na saa moja nyingine kwa kila mita 600 za kupanda. Kanuni hiyo ni ya mtu mzima mwenye nguvu asiyepumzika. Chukua mfano wa duara la kilomita 5 lenye mita 200 za kupanda. Kwa Naismith ni saa moja na dakika ishirini. Sasa ihesabu kwa mama. Jumamosi hii asubuhi mpeleke Raskazone, yeye na mkeo na mtoto, watembee kilomita moja ya lami kwa mwendo wa kuzungumza, nawe utazame saa. Akitumia dakika ishirini, msituni mpe thelathini, kwa sababu ya mizizi na mawe. Kilomita 5 zitakuwa saa mbili na nusu. Kwa kupanda, Naismith anatoa dakika ishirini, wewe toa arobaini. Ongeza mapumziko, picha, mtoto kusimamia kila mdudu, dakika hamsini. Jumla ni saa nne. Ule ule msitu, ule ule umbali, na muda umekuwa mara tatu. Mkianza saa mbili asubuhi, saa sita mko chini mnakula, na jua lina saa sita nyingine za kuwasubiri mambo yakienda kombo. Chini ya miti mikubwa giza hutangulia la nje, kwa hiyo hizo saa za akiba msizile kwa kuchelewa kuanza.

Kuanza saa mbili hakuwezekani mkitoka Makorora alfajiri ile ile. Kuanzia Muheza huenda mkakuta vipande vya barabara ya vumbi, na kuanzia Sigi ni kona za kupanda. Mtu wa miaka 63 akitikiswa kwenye Noah asubuhi nzima hufika amechoka kabla ya hatua ya kwanza. Laleni huko. Hifadhi ina nyumba za wageni Amani na Sigi, ulizieni nafasi mapema, na mchague Amani. Mwongozaji apatikane kupitia ofisi ya hifadhi, malipo yalipwe kwa namba ya malipo ya serikali, na risiti uitunze. Najua yule kijana wa bodaboda hakuwa na nia mbaya. Lakini mwongozaji wa hifadhi akichelewa kurudi, ofisi inajua aliondoka na nani na kwa njia ipi, na kwa familia yenye mzee na mtoto hilo lina thamani kubwa.

Jioni hiyo ya kufika msikae ndani. Wajerumani walianzisha kituo chao cha utafiti wa mimea na kilimo Amani mwaka 1902, wakaleta miti kutoka pembe nyingi za dunia, na bustani ile ipo mpaka sasa. Tembeeni hapo taratibu nusu saa, miguu inyooke. Mama anaweza kuwaonesha miti ambayo nyinyi mngepita bila kuitazama.

Mpangilio wa kutembea ndio huu, na usibadilishwe kwa sababu mtoto ana haraka. Mbele mwongozaji, nyuma yake mama, ili mwendo wote uwe wa mama. Msafara ukifuata mwendo wa aliye na nguvu, mzee hubaki nyuma, na kila akiwafikia mlipokaa, nyinyi mmeshapumzika mnainuka, yeye hajapumzika hata kidogo. Nyuma ya mama awe mkeo, kisha mtoto, wewe wa mwisho. Mnaposhuka, mkeo ahamie mbele ya mama, ubavuni kidogo, kwa sababu anayeteleza huzuiwa kutoka chini.

Na lile la mkono ulimalize nyumbani. Mwambie mkeo amuulize mama yake: "Mama, ikitokea hatari, mkweo akushike?" Naamini mama atasema ndiyo, pengine kwa kushangaa kwamba mmeuliza. Ruhusa hiyo ikishatolewa barazani, mlimani hutasita, na kila mmoja atajua hukumvunjia adabu. Kama atasema hapana, iheshimu, na mwongozaji awe ndiye mkono wa akiba.

Kuna jambo jingine ambalo wanaume hawalipangi, ni haja ndogo. Mama akiona haya mbele yako atajinyima maji tangu asubuhi, na baadhi ya dawa za presha zenyewe huongeza mkojo, basi atakauka na kizunguzungu kitamwanzia hapo. Kubaliana na mkeo kwamba kila baada ya muda fulani wewe na mwongozaji mnatangulia kidogo na kusubiri mbele ya kona. Hakuna haja ya kutangaza sababu. Mama akiona ustaarabu huo atakunywa maji yake kwa amani.

Dira libaki nyumbani. Ni vazi zuri la kukalia barazani, ila kwenye kupanda pindo lake huingia chini ya kidole na kukuangusha mbele. Gauni la kuishia kati ya goti na kifundo, suruali nyepesi ndani, soksi ndefu ambazo suruali imechomekewa ndani yake kwa ajili ya siafu, na kanga moja ya akiba. Viatu viwe raba zenye meno chini, na azivae kila siku kwa wiki mbili kabla, hadi sokoni, maana raba mpya hutoa malengelenge. Mkatieni fimbo mbili za kumfika kiwiko. Akishuka, fimbo itangulie ndipo mguu ufuate. Mpeni nafasi ya kuzizoea fimbo hizo palepale Raskazone, acheni watu watazame.

Chakula msihangaike nacho. Desemba mlichelewa kwa kufungasha, sasa fungasheni usiku: chapati, mayai ya kuchemsha, tende, machungwa mtakayonunua Muheza mkipita. Maji lita moja na nusu kwa kila mtu mzima. Tochi ya kweli, bandeji ya kufungia kifundo, sweta kwa kila mmoja, hata kama Tanga mnatoka mkitokwa na jasho. Juni kule juu ni baridi na ukungu.

Juni yenyewe ina neno lake. Amani hupata mvua ya karibu milimita 2,000 kwa mwaka, na hakuna mwezi unaoweza kuuita mkavu kabisa. Masika yakichelewa kuondoka, mwanzo wa Juni njia huwa bado ni tope. Chagueni siku za mwisho wa likizo, na mkae usiku mbili kama mfuko unaruhusu, ili siku moja ikiharibika mbaki na nyingine. Desemba mliyokwenda ni msimu wa vuli, mvua ile haikuwa bahati mbaya.

Binti yako mpe kazi, asiwe mzigo wa kushikwa mkono. Ndege wa bibi yake wenye kishindo cha mabawa ni hondohondo, nao bado wapo wengi. Huwasikia kabla hujawaona, na akiwasikia wa kwanza amwambie bibi. Amtafute kinyonga wa Usambara, ambaye dume lake lina pembe tatu usoni. Na kwenye mawe yenye kivuli na unyevu atafute lile ua dogo la rangi ya urujuani ambalo watu wa Ulaya wanalipanda kwenye vyungu madirishani. Mtawala wa Kijerumani wa huku kwetu, Walter von Saint Paul-Illaire, ndiye aliyelipeleka kwao, na mwaka 1893 wataalamu wa huko wakalipa jina la kisayansi, Saintpaulia, kutokana na jina lake. Mama huenda analijua kwa jina jingine la zamani zaidi. Mtoto alibebe hilo jina kwenye daftari lake. Asichume kitu, msitu ule umehifadhiwa tangu 1997 na maua yale ni ya hapohapo.

Mwisho ni mvua. Usiku wa kuamkia matembezi, mkiwa mmeshalala Amani, amka usikilize bati. Kama imenyesha kwa nguvu usiku kucha, ule ubavu mkali hampandi, hata asubuhi ikitoka na jua. Mtakwenda kwenye njia ya shule, au bustanini, au mtasubiri kesho yake. Lakini mwambie mama jioni ile ile mkiwa mnakula, kwamba mvua ikinyesha mpango ni huu. Usimwambie asubuhi akiwa ameshafunga kamba za raba.

Shangazi